Utando wa Fedha Juu ya Ulanga

Mke wangu hupasua mawe kwa sindano. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani natania, maana nimejijengea sifa hiyo, lakini safari hii sitanii. Jiwe lenyewe ni ulanga. Wachimbaji wa milima ya Kalehe huliita mika na kulitupa pembeni, kwa kuwa wao wanatafuta kitu kingine. Linachanika kurasa kwa kurasa kama kitabu, na kila ukurasa unapitisha mwanga. Jumamosi mchana, vyombo vikishaondolewa mezani, yeye hufunga madirisha yote ya sebule yetu ya mtaa wa Nguba, hufuta meza kwa kitambaa chenye maji, huvaa glavu, halafu huchomeka ncha ya sindano kwenye pembe ya ulanga na kubana pumzi. Husukuma polepole mno. Ukurasa mmoja huachana na mwenzake bila sauti, naye huulaza ndani ya kibakuli cha kioo chenye kifuniko, tayari kwa kazi ya kesho yake.

Mara ya kwanza niliposimama kumtazama, aliniambia kwamba uso ule mpya haujawahi kuonwa na mtu wala kuguswa na hewa tangu mlima wake ulipoumbwa, na kwamba sisi wawili ndio wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa historia, nimezoea kuwaambia wanafunzi habari za zamani bila kupepesa jicho. Siku hiyo jicho lilipepesa. Nilivuta kiti nikakaa.

Yeye ni msaidizi katika idara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja cha hapa Bukavu. Swali lake ni moja, na amelibeba miaka mingi: metali ikidondoshwa kidogo kidogo, atomu baada ya atomu, juu ya fuwele safi, inajipanga vipi hadi iwe utando? Metali aliyoichagua ni fedha, ile ya kufulia pete na medali, ambayo sisi huku tunaiita arja. Utando anaousema ni mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mlima mbele yake. Nilipomwuliza mtu ataushika wapi, alinitazama kwa huruma.

Aliyeelewa kazi hiyo kabla yangu ni mama mkwe, ambaye anaishi nasi na ambaye aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni nusu ya maisha yake. Binti yake alimweleza kwa soko. Alfajiri soko likiwa tupu, muuzaji wa kwanza huzunguka na beseni lake, hajui akae wapi. Atomu ya fedha ikiangukia ulanga hufanya vivyo hivyo, huteleza huku na huku. Ikimkuta mwenzake, hukaa. Wa tatu akipita huwaona wawili hao na kujibana papo hapo. Hivyo vinatokea vikundi, visiwa vidogo vidogo vya wauzaji, na kati yake kuna njia za kupita. Visiwa vinanenepa, vinagusana, hadi inafika saa ambapo beseni linaweza kupitishwa mkono kwa mkono toka mlango huu wa soko hadi ule bila kugusa ardhi. Saa hiyo ndiyo umeme unapita, na saa hiyo ndiyo mke wangu alikuwa anaitafuta.

Mama mkwe aliuliza kama hizo atomu hazigombanii nafasi. Mke wangu akasema zinagombana sana, tena fedha ndiyo yenye tabia mbaya kuliko nyingi, kwa sababu inawapenda wenzake kuliko inavyolipenda jiwe. Badala ya kutandaa, inapandana, kama nyumba za Bukavu zinavyokaliana mabegani. Kuifanya itandae kunataka jiwe safi kabisa na joto la kiasi. Mama mkwe akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani anayemjua.

Mashine ya kufanyia hayo ilifika chuoni kama msaada wa wageni kabla mke wangu hajaanza hata masomo, ikasukumwa ghalani na plastiki zake. Ni kengele kubwa ya kioo iliyofunikwa juu ya sahani ya chuma, na chini yake pampu mbili, moja yenye kunguruma na nyingine ya mafuta ya moto isiyosema kitu, za kunyonya hewa yote iliyomo ndani. Mimi niliiita bibi kizee, kwa kuwa ilikohoa, ilivuja, na ilitaka kila kitu kiandaliwe mapema. Yeye aliitoa ghalani, akaifungua skrubu kwa skrubu, akabadilisha mipira iliyokauka, akapandisha pipa la maji juu ya dari ili pampu isikose maji ya kuipoza siku bomba likikauka. Nilimkuta mchana mmoja amelala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana, anaimba wimbo wa kanisani huku akipaka grisi. Nimeona watu wengi wakisifiwa kwa uvumilivu, na wengi wao walikuwa hawana la kufanya tu. Huyu alikuwa na la kufanya, na alilifanya.

Ndani ya kengele, fedha inawekwa katika kikombe kidogo cha wolframu, metali inayostahimili moto mkali, chembamba kama ukucha. Umeme mwingi unapita kwenye kikombe, kinawaka chekundu halafu cheupe, fedha inayeyuka na kupaa, na kwa vile hakuna hewa ya kuizuia, inakwenda moja kwa moja kutua juu ya ulanga unaoning'inia hapo juu ukiwa umepashwa moto. Kwenye kingo mbili za ulanga kuna nyaya mbili zinazokwenda kwenye kipimo chenye mshale. Utando usipoungana, mshale unalala kushoto. Ukiungana, unainuka.

Vikombe vilikuja na mashine, vichache, na kila jaribio hula kimoja, kwa sababu kikishapata moto ule hupasuka. Wolframu inachimbwa milimani kwetu, inabebwa mgongoni, inapanda lori, inakwenda zake, na hairudi ikiwa kikombe. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mke wangu haliongelei. Yeye alikuwa na wasiwasi mwingine.

Msimamizi wake, profesa mzee, mtu wa haki na mkavu wa maneno, alikuwa amempatia nafasi ya kwenda kumalizia shahada ya udaktari ng'ambo, ambako mashine kama zile zimepangwa vyumba kwa vyumba. Ilikuwa nafasi ya mtu mmoja, kwa miaka mingi, na mtu huyo hakuruhusiwa kwenda na mume wala mtoto. Binti yetu alikuwa hajaanza shule. Mke wangu aliomba aachwe ajaribu hapa kwanza. Profesa alikubali kwa sharti moja: utando mmoja ulioungana, uliopimwa, kabla ya kiangazi kuingia. Ukikosekana, afunge mzigo. Hakuwa anamtisha. Aliamini kweli kwamba kazi hiyo haiwezekani Bukavu, na kwamba kumbakiza ni kumharibia maisha. Mke wangu hakutaka kwenda na alilisema waziwazi. Mimi nililisema kwa sauti kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Majaribio aliyafanya Jumapili baada ya misa. Siku za kazi umeme wa mtaa ule hupanda na kushuka, kwa ajili ya wachomeleaji na vinu vya kusaga, lakini Jumapili vyote hulala na waya hutulia. Jumapili ya kwanza pampu ilivuja. Ya pili umeme ulikatika. Hayo aliyategemea, na alikuwa ameweka akiba ya moyo kwa ajili yake. Kilichomshinda ni kile kilichofuata. Mashine ilianza kufanya kazi vizuri, utupu ndani ya kengele ukawa mzuri, fedha ikapaa, na utando ukatoka na mabaka. Ilikuwa miduara yenye kingo nyeupe, mingine mikubwa kama mbegu ya papai, iliyoukata utando vipande vipande, na mshale ukalala kushoto kama mlevi. Jumapili iliyofuata mabaka yakaongezeka. Iliyofuata tena yakazidi.

Profesa aliutazama ulanga ule na kusema ni mafuta ya pampu, kwamba pampu kuukuu hutapika mafuta na hakuna dawa. Hakusema kwa dharau. Alimshika bega, akamwambia aanze kufikiria pasipoti.

Kikabaki kikombe kimoja. Mimi ningekitumia Jumapili iliyofuata, kwa hasira tu, ili nijue moja. Ndivyo nilivyo. Mke wangu alikifunga katika pamba, akakiweka ndani ya kabati la maabara, akaacha kabisa kuwasha mashine. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, mvua zilikuwa zimeanza kupungua, nami nilikuwa nikizunguka nyumbani kama kuku aliyekosa pa kutagia. Yeye alikwenda idara ya biolojia, akaazima darubini ya wanafunzi, akaanza kuyatazama yale mabaka ya majaribio yaliyoshindwa, moja baada ya jingine, kila siku baada ya vipindi. Kumwona mtu akikaa hivyo mbele ya kushindwa kwake, bila kukimbia na bila kulia, akiuliza tu maswali, kulinifanya nimheshimu upya kabisa. Nilikuwa nimemwoa miaka yote hiyo na sikuwa nimelijua hilo.

Jioni moja alirudi na uso wa mtu aliyeona kitu. Ndani ya kila duara, alisema, kulikuwa na vimraba, vidogo sana, vya pande zilizonyooka na pembe kamili. Mafuta hayana pembe, na vumbi halina adabu hiyo. Alikuwa amedondosha tone la maji safi juu yake, na vimraba vikatoweka, na vipande vya fedha vilivyokuwa vimeota juu yake vikang'oka na kuelea majini, navyo vikiwa mraba. Chumvi ndiyo inayofanya hivyo. Fedha huota juu ya fuwele ya chumvi kwa mpangilio mzuri, na maji yakija chumvi huiachilia. Hilo alilisoma zamani vitabuni. Lakini chumvi ilifika vipi juu ya jiwe ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipasua kwa glavu, akalifunika kwa kioo? Ziwa letu halina chumvi. Jasho lake halifiki pale.

Aliuliza mezani, kwa upole, tukiwa tunakula fufu ya muhogo na samaki: kuna mtu amewahi kuweka chumvi karibu na kile kibakuli cha kioo?

Mama mkwe alishusha tonge kwenye sahani.

"Si chumvi, mutoto wangu," alisema. "Ni mayi ya baraka. Mi njo nilikuwa natia, kila siku ya yenga asubui, mbele uende."

Katika nyumba ile aliyokulia mke wangu, hakuna mtoto aliyekwenda mtihani bila maji ya baraka. Kalamu za mtihani wa serikali za watoto wote zilinyunyiziwa, na ya mke wangu ndiyo iliyonyunyiziwa zaidi, kwa sababu aliandikishwa hesabu na fizikia na mama yake aliona hatari. Alifaulu. Basi mama mkwe alipoona kile kipande cha ulanga kinalala sebuleni usiku wa Jumamosi kikisubiri kwenda kupimwa, alijua la kufanya. Jumapili asubuhi, binti yake akiwa anaoga, alifungua kifuniko, akanyunyiza kutoka kwenye chupa yake, akangoja matone yakauke ili yasionekane, akafunika. Na parokiani kwetu maji hayo bado yanabarikiwa kwa desturi ya zamani, yanatiwa chumvi. Kila Jumapili jaribio liliposhindwa, yeye aliongeza matone. Jumapili ya mwisho alinyunyiza kama anayebariki nyumba mpya.

Mimi nilitazama sahani yangu. Kwetu mkwe hacheki mbele ya mama mkwe wake, na kukasirika ndiyo kabisa. Nilikuwa na kicheko na hasira kwa pamoja, na sikuwa na mahali pa kuviweka. Nikasema nakwenda kuangalia kama lango limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu hadi machozi, halafu nikakumbuka kikombe kimoja kilichobaki, nikafuta uso.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa analia. Hakuwa analia kwa aibu. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe na kuona alichokifanya.

"Kumbe ni mi njo nakufukuza ku inchi ya watu," alimwambia binti yake.

Mke wangu alizunguka meza, akapiga magoti kando ya kiti chake, akamshika mikono yote miwili. Alimweleza kwamba pampu ni nzima, kwamba utupu ni mzuri, kwamba utando umekuwa ukiota vizuri wakati wote ila chini yake kulikuwa na chumvi, na kwamba tangu mwaka uanze hakupata habari njema kama hiyo. Alisema kweli, namjua. Mama mkwe alifuta macho kwa kitenge chake. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa linamsumbua kuliko yote.

"Sasa nitatia wapi?"

"Tia ku kichwa yangu, mama. Ile jiwe uiache."

Jumapili iliyofuata alimnyunyizia kichwani, shingoni na hata begani, mke wangu ameinama mlangoni kwa utulivu, na ikabidi abadilishe blauzi. Ulanga aliupasulia chuoni safari hiyo, katika chumba kilichopigwa deki, mama mkwe na mimi tukiwa tumeagizwa kusimama mbali na kuongea kidogo. Mama mkwe alikuwa ameomba kuja. Alivaa kama kwa ubatizo.

Pampu ilinguruma mpaka mchana ukasogea. Mke wangu alizunguka mashine bila kukimbia, akigusa hapa, akisikiliza pale, na mimi ambaye siwezi kungoja hata chai ipoe niliona namna mikono yake ilivyojua kila kitu kilipo. Alipopasha ulanga moto, alisubiri. Alipokuwa tayari aliwasha kikombe. Kikawa chekundu, kikawa cheupe, na kipande cha fedha ndani yake kikajikunja kuwa tone linalong'aa. Akafungua kibati kilichokuwa kinaikinga fedha isifike kwenye ulanga. Fedha ikaanza kupaa, ingawa hakuna aliyeiona ikipaa.

Mshale ulilala kushoto.

Tone lilipungua. Ukiutazama ulanga kwa pembeni ulianza kuwa na rangi, kwanza ya kahawia hafifu, halafu zambarau. Mke wangu alinong'ona kwamba hivyo ni visiwa, bado vimeachana. Mama mkwe alisogeza midomo kwa sala. Tone likapungua tena, likawa kama kichwa cha pini, na mshale haukusogea. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia aongeze umeme. Kuongeza umeme saa hiyo, alinieleza baadaye, kungekipasua kikombe na kumaliza kila kitu. Alisimama tu na kidole chake kwenye swichi, mtulivu, na mimi nilimtazama shingo, mshipa wake unavyopiga, nikajua kwamba hakuwa mtulivu hata kidogo. Nilimpenda sana wakati ule, kwa woga wake kuliko kwa utulivu wake.

Mshale ulitikisika. Ukarudi. Ukatikisika tena, ukaanza kuinuka taratibu, halafu kwa mara moja ukaruka hadi kulia.

Mke wangu alizima. Kikombe kilipasuka kikiwa kinapoa, tulisikia mlio wake, na hakuna aliyejali.

"Imeshikana?" mama mkwe aliuliza.

"Imeshikana, mama."

Ilibidi kungoja mashine ipoe kabla ya kuingiza hewa. Mke wangu alimpigia simu profesa, ambaye anakaa si mbali na chuo, akamwambia tu kwamba kuna kitu angependa akione. Alikuja kwa miguu na ndala za nyumbani, shati la Jumapili likiwa nje. Hakutusalimia vizuri. Aliuchukua ulanga kwa kibano, akauinamisha, na kwa mbele ulikuwa kama kioo cha kujitazamia, hauna baka hata moja. Akauelekeza dirishani. Fedha ikiwa nyembamba hivyo hupitisha mwanga kidogo, na mwanga huo hutoka wa buluu. Nilimwona yule mzee akiitazama, kupitia utando huo, milima ya ng'ambo ya ziwa ikiwa buluu yote. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua nyaya mwenyewe, akapima ukingo hadi ukingo, akapima mshazari, akapima katikati, na kila mahali mshale uliinuka. Mama mkwe alimfuata kwa macho kama anayemsindikiza mtu sokoni asidanganywe.

Profesa aliurudisha ulanga kwenye kibakuli, akaufunika, akavua miwani.

"Ile nafasi ya kule, madamu," alisema, "kesho nitaipatia mwengine."

Mke wangu alikaa chini pale pale sakafuni, na koti lake jeupe, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Akasema ana njaa.